Kwani ana wenyewe? Barua ya wazi kuhusu ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke

Kwa waheshimiwa mnaosimamia elimu, misitu na wanyamapori, mlioko Kilifi na mlioko Nairobi.

Baada ya salamu. Jumamosi moja nilikuwa barazani nachambua choroko, wakaja wavulana wawili wa gredi ya nne, mmoja kakumbatia mkebe wa Kimbo. Wakaniamkia, wakauweka mkebe miguuni pangu, kisha wakarudi nyuma hatua mbili kama watu waliowasha fataki.

Ndani mlikuwa na bundi. Si yule mkubwa mnayemjua, wa kukaa juu ya mlingoti wa simu na kugeuza shingo. Huyu ningeweza kumfumba kiganjani. Alikuwa na rangi ya bati lililoshika kutu, na vijisikio viwili vya manyoya juu ya kichwa, na jicho moja lilikuwa halijafumba, la manjano. Nilimpima kwa mkono: uzito wa yai la kuku wa kienyeji, basi. Kifuani palikuwa na tone la damu pale jiwe la manati lilipompata.

"Tumemuwahi kabla hajakua, mwalimu," akasema mwenye mkebe. Walikuwa wamekuja kupongezwa. Wao waliona kifaranga cha bundi, na wakaona wameiokoa mitaa miwili mitatu na msiba.

Nikawaambia hakui zaidi ya hapo, huyo ni mtu mzima, tena huenda ana umri wa kuwa na watoto wake. Nikawaambia ni kibundi wa Sokoke. Katika Kenya nzima hapatikani ila kwenye msitu huu wetu na kule Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Ukitoka Kenya utamkuta chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, na baada ya hapo hata uizunguke dunia humpati. Nikawaambia kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya ili wamwone kwa dakika tano na kurudi kwao.

Yule mdogo akanyamaza akifikiri. Halafu akauliza, "Kwani ana wenyewe?"

Hilo ndilo swali lililonishikisha kalamu. Hakuuliza kwa ufidhuli. Kwetu kuku ana wenyewe, mbuzi ana wenyewe, hata nazi iliyoanguka njiani ina wenyewe. Mtoto akirusha jiwe, kitu cha kwanza anachojua ni mali ya nani iliyo mbele ya jiwe hilo. Kuhusu kibundi hakuna aliyemwambia. Na mimi, niliyekuwa na jibu refu la kisayansi, jibu la swali lile fupi sikuwa nalo.

Niseme mimi ni nani, msije mkadhani nimeshuka na malaika. Nilifundisha shule za msingi kandokando ya msitu huu hadi nikastaafu. Nilichora ndege ubaoni kwa chaki: mdomo, mabawa, mkia, miguu miwili. Nyuma yangu, dirishani, hondohondo wanapiga kelele kwenye mwembe hadi nawaambia watoto wafunge dirisha tusikilizane. Kwa miaka mingi nilikuwa siwezi kutaja ndege kumi wa msitu ambao kivuli chake kilifika hadi uwanja wa shule. Nilijifunza baada ya kustaafu, kwa vijana waongoza wageni, wengine wao niliwahi kuwafundisha hesabu. Kwa hiyo lawama nikizigawa, mnipe fungu langu la kwanza.

Msitu wenyewe mnaujua kwenye makaratasi. Kilomita za mraba kama 420, uliotangazwa rasmi mwaka 1943, ndicho kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki yote. Ndege wake ni zaidi ya aina 230, na kati yao wamo waliomo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini: huyu kibundi, kwera wa Clarke, chozi wa Amani, na wengine wa kutembea chini kwenye majani makavu ambao hata vijana wangu huwasikia mara kumi kabla ya kuwaona mara moja. Wataalamu waliwahi kuuweka wa pili kwa umuhimu katika misitu yote ya Afrika bara kwa ajili ya kuwanusuru ndege waliotishiwa. Wa pili Afrika! Na barabara ya Mombasa kwenda Malindi inapita ubavuni mwake, matatu zinaupita zikipiga muziki.

Kuhusu barabara hiyo nina kisa. Shule moja, sitaitaja, ilikusanya pesa za wazazi ikawapeleka watoto wa gredi ya sita Mombasa kwa ziara ya masomo. Waliona feri ya Likoni, wakaona uwanja wa ndege kupitia uzio, wakala chipsi, wakarudi usiku wamelala. Hakuna ubaya, mtoto aone feri. Lakini basi lile liliupita msitu asubuhi na likaupita tena usiku, na katika watoto wale hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ndani kwa miguu yake akiwa na mtu wa kumwonyesha kitu. Nilimuuliza mwalimu wao kwa nini wasianze na huku. Akanijibu kwa ukweli: kupeleka watoto Mombasa ana barua moja ya kuandika na wazazi wanatoa pesa wakifurahi. Kuwapeleka msituni anahitaji ruhusa ya huku na ruhusa ya kule, kiingilio, mwongozaji, na mzazi atamuuliza, "Msituni? Si ndiko tunakookota kuni?"

Wakati huohuo mtaala wa umilisi unatutaka tumfundishe mtoto kwa kutenda. Jirani yangu alitumwa na shule kununua karatasi ya manila, gundi na rangi ili mwanawe atengeneze ndege. Akakopa dukani. Mtoto akakata ndege wa manila kibarazani, na juu ya paa chozi ananyonya ua la mgomba, anang'aa kama kipande cha chupa juani. Nilikaa nikawatazama wote wawili. Yule wa manila alipata alama nzuri.

Na watoto si kwamba hawajui ndege. Wanajua kunguru. Yule kunguru wa Bara Hindi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja tangu miaka ya 1890 na akapanda pwani yote akila mayai na makinda ya ndege wa kwetu, mtoto wa Watamu anamjua kwa tabia na kwa sauti, na mwaka 2024 akasikia Serikali imetangaza kuwaangamiza milioni moja. Ndege pekee aliyetajiwa na wakubwa zake ni wa kuuawa. Sipingi kunguru apunguzwe. Nasema tu kwamba kwa mtoto wa miaka tisa, somo la kwanza kuhusu ndege kutoka Serikalini lilikuwa hilo.

Mtaniambia elimu ya mazingira ipo. Ipo, nimeihudhuria. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tunavishwa fulana, tunapanda miche, mgeni rasmi anachelewa, hotuba zinasomwa kwa Kiingereza, tunakula pilau tunatawanyika. Miche ile ukirudi Agosti utaikuta mbuzi wamekuwa wageni rasmi wa pili. Na zipo semina za hotelini, ambako wanaokaa karibu na msitu huwakilishwa na mtu mmoja anayekaa mjini.

Lakini ipo elimu nyingine, nayo nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukipita vijiji hivi na kuuliza watu wanautakia nini msitu, wengi walikwambia waziwazi: ukatwe, tugawiwe mashamba. Tembo walikuwa wanatoka usiku wanamaliza mihindi, na ukikata fito tatu unakamatwa. Hapo ndipo mradi wa Kipepeo ulipoanza pale Gede, mwaka 1993, watu wakafuga viwavi na kuwauza ng'ambo wakishajifunga ganda kabla ya kuwa vipepeo, na kipepeo hawezi kutaga bila msitu. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya likaanzisha mpango wa ASSETS: wageni wanaokwenda kutembea kwenye daraja la mbao linaloning'inia katika mikoko ya hori ya Mida wanalipa, na pesa hizo zinawalipia karo ya sekondari watoto wanaokaa kandokando ya msitu. Hapo mzazi hakuhitaji fulana. Mtoto yuko sekondari kwa sababu kuna vitwitwi na sululu kwenye matope ya Mida, na yule ndege mla kaa mweusi kwa mweupe anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni kisha anakuja kwetu na wenziwe kwa mamia. Wazee wetu walijuana na Omani kwa jahazi, na huyu naye ana njia yake.

Ila mpango wa shirika moja unafikia watoto wangapi? Wachache, tena ni mashirika yanayotegemea wageni, na tuliona korona ilivyofunga mlango huo kwa siku moja. Mimi nawazungumzia watoto wote waliobaki, wale wa mkebe.

Na msidhani watu wa kawaida hawawezi kujua mambo makubwa hadi aje profesa. Mchukueni kwera wa Clarke. Ni ndege wa kaunti hii peke yake, hayupo kaunti nyingine wala nchi nyingine. Aliandikwa kwenye vitabu mwaka 1913. Kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Anaonekana Arabuko juu kwenye miti ya mirihi, makundi makubwa, halafu anatoweka miezi, halafu anarudi na watoto wakubwa. Mwaka 2013 kiota kikapatikana, Dakatcha, kwenye kinamasi kinachojaa mvua zikinyesha na kukauka zikikatika, viota vimefumwa kwenye majani ya majini. Waliokuwemo katika kumtafuta ni watu wa Dakatcha wenyewe, wa kikundi cha hapohapo, pamoja na wapenzi wa ndege wa shirika la Nature Kenya. Mtu anayejua kinamasi kipi kinajaa mwezi gani ni mchungaji wa mbuzi. Hilo halimo maktabani.

Na watu haohao, kabla ya hapo, walisimama dhidi ya mpango wa kuifyeka Dakatcha ili ilimwe mibono kaburi ya mafuta ya magari, maelfu ya hekta. Walipinga, wakaungwa mkono na wapenzi wa ndege, na mpango ukafa mwaka 2012 au karibu na hapo. Lakini sehemu kubwa ya Dakatcha si msitu wa Serikali, ni ardhi ya watu, na leo mirihi inaondoka kwa magunia ya makaa na kwa mashamba ya mananasi. Mwenye kuchoma makaa simlaani. Nimekaa naye, nimeona gunia linavyogeuka kuwa unga na daftari. Ninachojua ni kwamba mwanawe hajawahi kuambiwa na mwalimu yeyote kwamba ndege aliye juu ya mti ule baba anaoukata hana kwingine duniani. Akijua, huenda ataukata vilevile. Lakini atakuwa amejua, na atakayekuja kesho kuitaka ardhi yote kwa mkataba atamkuta na la kusema.

Sasa la bundi, kwa sababu najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Tunamwogopa. Wahenga walimwita babewatoto, jina la kumnyamazishia mtoto usiku. Akilia juu ya paa, mtu mzima anaamka, anatupa kijinga cha moto, na asubuhi anahesabu wagonjwa wa ukoo. Msije na wataalamu wa kuwacheka watu kwa hilo. Nimeona afisa mmoja kijana akisimama mbele ya wazee akasema hayo ni ujinga na imani potofu. Wazee wakamsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, na mkutano ukaishia hapo kama ulivyoanza.

Mimi nilipotaka kuzungumza nao nilianza na uchaga. Nikauliza mahindi yanapotea kiasi gani kwa panya. Kila mmoja ana hadithi. Nikauliza nani anakula panya usiku mzima bila kulipwa. Wakacheka, na mzee mmoja akasema, "Basi bundi anakuja nyumba iliyo na panya, si iliyo na maiti." Sikumfundisha mimi. Akaongeza kwamba babu yake alikataza kuua kiumbe chochote ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee, awe bundi awe chatu, na aliyeua alitozwa faini. Waheshimiwa, kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na misitu yake ilibaki kwa sheria za wazee hao. Mnapotafuta watu wa kufundisha watoto, mbona hamuwaiti?

Ninachoomba si kikubwa, na ninaandika hadharani kwa sababu barua nilizopeleka kwenye ofisi moja, kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa.

Naomba kila mtoto wa shule iliyopakana na Arabuko-Sokoke aingie msituni siku moja kwa mwaka, mwaka hadi mwaka, asitozwe kiingilio, na mwalimu asihitaji kuandika barua zaidi ya moja. Wa KFS, shirika la misitu, na wa KWS, shirika la wanyamapori, mnaosimamia msitu kwa pamoja, mnaweza kuafikiana hilo kwenye meza moja, chai isipoe. Naomba mwongozaji anayewatembeza alipwe na bajeti ya umma, kidogo lakini kwa wakati. Tumezoea elimu ya kujitolea: mradi unakuja na gari, vijana wanafundisha kwa moyo, mradi unaisha, gari linaondoka, vijana wanarudi kwenye bodaboda. Wale waongozaji wana masikio ambayo yalichukua miaka kumi kuyafunza. Sauti moja, wakiwa wanatembea na kuzungumza mambo mengine, wanasimama na kukwambia jina, jinsia, na kama ana kiota.

Kaunti, ninyi chekechea ziko mikononi mwenu, hamuhitaji kumngoja mtu Nairobi. Mtoto wa miaka minne anajifunza jina la simba ambaye hatamwona. Mbandikieni ukutani hondohondo, kanga, chozi, kwera na kibundi, kwa jina la Kiswahili na jina la Kigiriama, mahali pasipo na jina waulizwe wazee kabla hawajaondoka nalo. Picha tano. Hata mkiziagiza kwa mchoraji wa matatu wa Malindi zitatoka nzuri, tena nzuri kuliko za vitabuni.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 naijua, na sitaki itumike kwa wavulana wangu wawili. Nimewaambia watu kadhaa kisa hiki na mmoja akasema wangekamatwa liwe fundisho. Fundisho gani? Wangetoka wakijua kwamba yule ndege ana wenyewe kweli, na wenyewe ni askari. Hilo ndilo tulilowafundisha baba zao, na baba zao wakingoja askari apite.

Kibundi tulimzika chini ya mkorosho. Nilidhani wataondoka, wakabaki. Yule mdogo akaniuliza kama kuna mwingine aliye hai. Wiki iliyofuata nikawachukua, na ndugu zao watatu wakatufuata bila kualikwa, mwongozaji mmoja akakubali kutotulipisha muda wake. Tulikwenda upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vile vizito. Giza likaingia. Kibundi akaanza kulia, sauti ya upole inayojirudia, mfano wa maji yanayodondoka ndani ya mtungi mtupu. Mwongozaji akamulika kidogo pembeni, si machoni, na tukawaona wawili wamebanana kwenye kijiti kimoja, kwenye kimo cha mtu mzima, wa kijivu na wa kutu. Watoto watano hawakupumua. Nimefundisha muda mrefu, darasa lililonyamaza vile sikuwahi kulipata kwa kiboko wala kwa peremende.

Waheshimiwa, nawaalika. Njooni jioni yoyote isiyo na mvua, mfike langoni kabla ya saa kumi na mbili ili tutembee kukiwa na mwanga. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunika, mbu wapo na miiba ipo. Magari ya ving'ora yabaki barabarani. Wavulana wangu watakuwepo. Yule wa swali ameshajua kuiga sauti ya kibundi hadi akajibiwa, ingawa simruhusu aige zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja, wasije wakachoka naye.

Wenu,
mwalimu mstaafu, kando ya Arabuko-Sokoke